Watoto Wawili wa Loyi

Siku za soko pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Congo, utamwona Loyi akivuka mto Lhubiriha na gunia la maharage kichwani, maji yakimfika magotini, na maofisa wa forodha juu ya daraja wanatazama upande mwingine kama watu walioumwa shingo. Shingo yenyewe nene ni ya Loyi. Chini ya gunia anaweka kata ya kitenge cha zamani, rangi imekwisha, hata maua yake huwezi kuyajua. Hicho kitenge tutakirudia.

Naandika habari zake kwa sababu wengi wanazisimulia vibaya, na wanaozisimulia vibaya zaidi ni sisi tunaokaa viti vya mbele kanisani.

Loyi si mtu wa Bwera, mji wetu huu wa karibu na Mpondwe. Alizaliwa Kilembe, kwenye zile nyumba za mgodi zilizobanana bondeni. Baba yake alichimba shaba mpaka mgodi ulipofungwa, halafu akachimba mihogo kama watu wote. Loyi alisoma mpaka darasa la sita, akaolewa na mwanaume aitwaye Tsongo, akazaa mtoto wa kiume. Mwaka 2013 mto Nyamwamba ulipofurika, alikuwa amemfunga yule mtoto mgongoni kwa kitenge. Maji yaliwakuta njiani. Walipomtoa Loyi kwenye matope, kitenge bado kilikuwa kimefungwa kifuani. Mtoto hakuwemo. Walimtafuta wiki mbili, hawakupata hata kiatu.

Tsongo alikwenda Congo kutafuta kazi na bado anaitafuta. Loyi akashuka Bwera kwa shangazi yake, shangazi akafariki, akaanza kubeba mizigo. Maji ya mto ule ni ya baridi, yanatoka mlimani. Wenzake walimfundisha dawa ya baridi: kipakiti cha waragi, pombe kali ya kwetu. Unang'ata kona kwa meno, unafyonza, unatupa. Kimoja asubuhi, baadaye viwili, baadaye hata asiyehesabu alijua kwamba Loyi hafiki mchana akiwa wima.

Vipakiti hivyo vilitoka kwenye stoo ya Crispus. Crispus ni mume wa Medius, na Medius ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya akina mama kanisani. Crispus hajawahi kuonja hata tone, Medius ametuambia hivyo mara nyingi kwenye ushuhuda wake. Ni kweli. Angekunywa, angeuza nini? Mabati ya upande wa kushoto wa kanisa ni sadaka yake, na mvua ikinyesha tunakaa chini yake bila kulowa, tunaombea walevi.

Mwaka 2015 ikaonekana kwamba Loyi ana mimba. Baba wa mtoto hakujulikana, na mimi sikuuliza, ingawa niliowajua waliouliza walikuwa wengi. Kamati ikakaa. Ikanywa chai. Ikaamua kwamba Loyi afungiwe siku saba kwenye chumba cha nyuma tunamoweka viti, bila pombe hata harufu yake, tumwombee kwa zamu mpaka pepo la ulevi limtoke. Mwenyewe alipoulizwa alisema, "Kama itasaidia mutoto, munifungie." Medius akaweka kufuli na ufunguo akauingiza kwenye mkoba wake, karibu na Biblia.

Siku ya kwanza alitoka jasho. Siku ya pili alitapika na kuzungumza na watu tusiowaona. Siku ya tatu, asubuhi, tukiwa mlangoni tunaimba, alianguka. Mwili ukakakamaa, ukatikisika, povu likatoka mdomoni. Na sisi tukafanya nini? Tukaimba kwa sauti kubwa zaidi. Tulifurahi, Mungu atusamehe. Tulidhani tunashinda.

Hapo akaja Docus. Docus ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, nyumba yake inapakana na kanisa. Alifagia wodi ya wamisheni miaka thelathini, na jioni alikuwa akizalisha wanawake wa milimani mpaka Serikali ilipotangaza redioni kwamba wakunga wa kienyeji waache. Akiulizwa kazi yake anasema, "Nilistaafishwa na redio."

"Fungueni," alisema.

"Mama Docus, tuko kwenye maombi," Medius akamjibu. "Pepo linatoka."

"Pepo gani? Hiyo ni mwili inalilia pombe iliyozoea. Nimeona wanaume wakubwa wanatikisika vile siku ya tatu, na wengine tuliwafunika shuka. Munaombea maiti mbili?"

"Usiseme maneno kama hayo mbele ya madhabahu."

"Hapa ni stoo ya viti, Medius. Lete ufunguo, ama nivunje huu mlango na wewe ukiwa umeuegemea."

Ufunguo ulitoka. Waliombeba Loyi mpaka kituo cha afya hawakuwa wa kamati. Walikuwa wanawake watano wanaobeba mizigo naye, wachafu, miguu peku, wawili wao wakinuka waragi saa tatu asubuhi. Sisi tulibaki kupanga viti.

Pale kituoni palikuwa na nesi anaitwa Amony, msichana wa kutoka kaskazini, baba yake alikuwa askari. Kilhukonzo, lugha yetu, hakujua hata cha kusalimia, na Kiswahili alikijulia kambini, kwa hiyo hata huruma yake ilitoka kama amri. "Lala. Geuka. Kunja mguu." Lakini alijua kazi. Alimtuliza Loyi kwa sindano, akasikiliza tumbo, akasema mtoto yupo. Halafu akamgeukia Docus.

"Nani alimukatisha pombe mara moja?"

"Watu wa Mungu," Docus akasema.

"Wasirudie. Mutu amekunywa hivi miaka miwili, hakatwi kama kamba. Anapunguziwa, na sisi tunaona. Wewe ni mama yake?"

Docus akamtazama Loyi pale kitandani. "Kuanzia leo."

Loyi alipopata nguvu, Amony akaleta fomu. Fomu ni ya Kiingereza, maswali yanaulizwa kwa Kiswahili cha kambi, anayejibu anawaza kwa Kilhukonzo. Oneni wenyewe.

"Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Iko wapi?"

"Mumoja iko ndani ya tumbo. Mumoja iko Kilembe."

"Kilembe na nani?"

Loyi akavuta shuka mpaka kidevuni. Amony akaandika: mtoto mmoja, Kilembe, mlezi hajulikani.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu wasomaji wengine si wa kwetu. Sisi Wakonzo mtoto wetu anazaliwa na jina lake tayari, kufuatana na zamu. Mvulana wa kwanza wa Loyi ni Baluku, wa pili ni Bwambale, na wasichana nao wana majina yao ya zamu. Na mtoto akifa hatolewi kwenye hesabu. Baluku akifa, mvulana anayefuata hawezi kukaa mahali pake. Atakuwa Bwambale mpaka uzee, na mbele yake nafasi ya kaka yake itabaki wazi. Mama haulizwi aseme kwa kinywa chake kwamba fulani amekufa. Ukisikia jina la mdogo na humwoni mkubwa, unaelewa, unafunga mdomo. Loyi hakusema uongo. Alikuwa na wawili.

Wiki hiyohiyo kamati yetu, badala ya kwenda kumwomba msamaha, iliandika barua. Ilikwenda kwa ofisa wa watoto kule Kasese mjini, ikisema kwamba mama huyu ni mlevi sugu, maombi yameshindikana, na mtoto akizaliwa apelekwe kwenye nyumba ya kulelea watoto. Medius alisaini wa kwanza. Sahihi ya saba ni yangu, kwa herufi za kuunganisha, safi kabisa.

Basi kuanzia siku ile Loyi alikuwa na jambo moja tu. Watamwachia mtoto au watamchukua?

Alihamia kwa Docus. Amony alimpa vidonge na kumtaka aonwe kila baada ya siku mbili, na Docus alikwenda naye, akakaa naye kwenye benchi, akatafsiri. Nyumbani alimpimia waragi kwa kikombe kidogo cha bati, wiki hii mpaka kwenye mstari huu, wiki ijayo chini yake, na kilichopungua alikijaza kwa bushera, uji ule mchachu wa mtama. Medius alipopata habari alisimama kanisani akalia machozi: "Docus anamnywesha mjamzito pombe kwa mkono wake!" Tukaguna wote kwa huzuni. Gunia zima la vipakiti kutoka stoo ya mumewe halikumliza hata siku moja, kikombe cha Docus kikamliza.

"Mama muzee," Loyi alikuwa akiuliza kila siku wakimenya mihogo, "bataninyang'anya mutoto?"

"Wakitaka kumchukua watapita juu yangu. Na mimi ni mnene, watachoka."

"Na nikikunywa tena?"

"Ukikunywa utaniambia. Usinifiche tu. Mlevi ninaweza kumlaza. Mtu wa kujificha sitaweza."

Alikunywa tena, mara mbili. Mara zote alikuja mwenyewe akasimama mbali kidogo na mlango, akasema. Docus hakumwimbia. Alimpa maji, akamlaza, kesho yake wakaanza tena kwenye mstari.

Mwezi wa kumi alijifungua palepale kituoni, Docus akimshika mgongo na Amony akitoa amri. Mvulana. Mdogo kuliko inavyotakiwa, lakini sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

"Jina?" Amony akauliza.

"Bwambale," wakasema wote wawili pamoja.

Siku ya nne akafika ofisa wa watoto, Bwana Kiiza, ndani ya gari la kazi, faili mkononi, shati limepigwa pasi hata kwenye mikono. Kamati iliitwa kama mashahidi. Tulivaa gomesi zetu za Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Tukakaa kwenye benchi la nje la kituo, na Loyi akakaa mbele yetu kwenye kiti kimoja, mtoto mapajani, ile kata ya kitenge mkononi. Docus alisimama nyuma yake. Alipewa kiti akakikataa.

Kiiza alikuwa mtu wa adabu. Alianza kwa kusalimia. Halafu akafungua faili.

"Mama, suala la pombe tutalifikia. Kwanza nina swali lingine. Huyu mtoto ameandikwa Bwambale. Mimi si wa hapa, lakini nimeuliza dereva wangu, na yeye ni Mkonzo. Ananiambia Bwambale ni wa pili. Kwa hiyo yupo wa kwanza."

"Iko," Loyi akasema.

"Yuko wapi?"

"Kilembe."

"Nimepiga simu Kilembe. Mwenyekiti wa kijiji ametafuta nyumba kwa nyumba. Hakuna mtoto wa Loyi." Akageuza ukurasa. "Mama, mpaka uko hapa, hatua chache. Wewe unavuka kila siku ya soko na mizigo. Tunajua watoto wengine wanavushwa pia. Nakuuliza mara ya mwisho kwa heshima. Ulimpeleka wapi Baluku?"

Hiyo ndiyo hasara ya kujifunza mila ya watu kutoka kwa dereva, njiani, madirisha yakiwa wazi. Alipata nusu. Alijua Bwambale ana kaka, hakujua kwamba swali lile haliulizwi.

Loyi aliinamia kitenge. Vidole vyake vilikuwa vinachambua uzi wa kitenge, uzi mmojammoja.

Na sisi? Kwenye lile benchi tulikuwa wanawake kumi, wote Wakonzo. Hakuna hata mmoja ambaye hakuelewa mara tu aliposikia jina. Kumi wote tulijua Nyamwamba imefanya nini. Neno moja lingetosha. Lakini barua yetu ilikuwa mle kwenye faili, na mtu aliyesaini barua haoni haraka ya kujikosoa mbele ya ofisa mwenye gari. Tukatazama viatu vyetu. Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri.

"Medius," Docus akasema. Hakupaza sauti. "Mwanao mkubwa anaitwa nani?"

Medius akashtuka. "Hilo linahusu nini?"

"Mutajie afande jina la mwanao mkubwa."

"Mimi si afande," Kiiza akasema.

"Utanisamehe, baba. Yeyote mwenye faili mimi namwita afande. Medius, mwanao. Yule wakala wa forodha pale Mpondwe, mwenye ofisi ya bluu."

"Namfahamu," Kiiza akasema. "Bwambale. Kijana mzuri."

"Ndiye mkubwa wake. Hana mwingine mbele yake." Docus akatoka nyuma ya kiti, akaja polepole mpaka mbele ya benchi. "Sasa, Medius, Baluku wako yuko wapi? Ulimuuza Congo?"

Mmoja wetu alisema "Yesu!" kwa sauti ya chini. Mimi nimemjua Medius tangu tukiwa wasichana, nimesikia ushuhuda wake labda mara mia mbili, ana ushuhuda wa malaria na wa mbuzi aliyepotea. Huo hakuwahi kuutoa. Uso wake ulibadilika, ile mikunjo ya uenyekiti ikaondoka, akabaki mwanamke tu.

"Surua," akasema. "Alikuwa na miezi kumi na moja."

"Na nani alikufanya useme hivyo mbele ya watu, miaka yote hii?"

"Hakuna."

"Hakuna. Kwa sababu tulisikia Bwambale, tukaelewa, tukanyamaza. Basi mutolee na huyu heshima hiyohiyo, mumusemee, ama mumuache aseme kwa kinywa chake. Chagua."

Medius aliweka mkoba wake chini. Halafu akamgeukia Kiiza, na nitamsifu kwa hili, kwa sababu sitamsifu kwa mengi. Alisimama.

"Bwana ofisa, Baluku wa huyu mama alichukuliwa na mafuriko ya Kilembe. Hakuonekana. Hiyo kitenge anashika mukononi ndiyo alikuwa amemfungia. Sisi wote tulijua."

"Wote?" Kiiza akatutazama, benchi zima, mmoja baada ya mwingine. "Mlijua, na mmeniacha niulize vile?"

Amony, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikwenda akaichukua ile fomu kwenye faili bila kuomba ruhusa, akapiga mstari juu ya alichoandika. "Nilikosa," akasema. "Niliuliza vibaya." Msichana wa watu, mgeni, ndiye wa kwanza kusema neno hilo siku ile.

Kiiza alifuta miwani yake. "Mama, nisamehe," akamwambia Loyi. Loyi akaitika kwa kichwa. Mtoto alikuwa amelala, hakujali faili la mtu.

"Lakini pombe bado ipo," Kiiza akasema. "Siwezi kuandika kwamba haipo."

"Usiandike haipo," Docus akasema. "Andika hivi. Siku Loyi hajanywa, mtoto yuko na mama yake. Siku akinywa, anamuleta kwangu kwanza, mtoto analala kwangu, anakunywa maziwa ya kopo ya nesi. Asubuhi mama akiwa mzima anamuchukua. Nyumba ni moja, ukuta ni mmoja. Hapo utamuhamisha aende wapi zaidi?"

"Fomu haina nafasi ya kuandika hivyo. Kuna 'abaki' na kuna 'aondolewe'."

"Pembeni hakuna nafasi?"

Kiiza alitazama pembeni mwa karatasi muda mrefu kama mtu anayetazama shamba la jirani. Kisha akaweka alama kwenye "abaki", na pembeni akaandika mistari minne, herufi ndogondogo. Akamsomea Loyi. Loyi akaweka sahihi, Docus akaweka kidole gumba.

Mwezi uliofuata kamati ilifanya ibada ya shukrani kwa jinsi Bwana alivyomtumia mwenyekiti wetu kumwokoa mama na mtoto. Crispus alitoa kreti za soda. Loyi hakualikwa. Hata angealikwa asingeweza, ilikuwa siku ya soko.

Kiiza alirudi baada ya miezi mitatu bila kutangaza, na siku hiyo, kama ilivyo kawaida ya ukaguzi, Loyi alikuwa amekunywa. Alikuta mlango wake umefungwa na koroma inasikika ndani. Medius alikuwa akipita na mwavuli, akasimama kuona mwisho wake. Kiiza akaenda mlango wa pili. Docus alikuwa amekaa kwenye mkeka, Bwambale mapajani, kopo la maziwa na kikombe pembeni.

"Alimuleta saa ngapi?" Kiiza akauliza.

"Saa nne. Kabla ya kununua. Pesa alikuwa bado ameishika mukononi."

Kiiza akafungua faili, akasoma pembeni. Akalifunga. Alilala Bwera siku hiyo, na kesho yake saa moja asubuhi alikuwa tena mlangoni. Loyi alikuwa nje, ameoga, nywele zinadondosha maji, macho mekundu, ananyonyesha. Alimwona ofisa akataka kusimama.

"Kaa, mama," Kiiza akasema. "Usimkatize."

Akaandika neno moja kwenye faili lake, pale pa mama, "yupo", akaomba uji. Docus akampa bushera kwenye kile kikombe kidogo cha bati, kimeoshwa, mistari bado inaonekana.